Nyayo Zilipoishia

Kiwanja cha akina mama wa Mwilima kilichukuliwa na mtu mwingine, na nyayo za mwizi zilifika mpaka nyumbani kwa Mwigulu zikaishia hapo. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote ni maelezo, na maelezo hayajawahi kurudisha ng'ombe zizini.

Huku kwetu, kuanzia Kahama mpaka Ushirombo na kuendelea Geita, sheria ya nyayo ina umri mkubwa kuliko mwenyekiti yeyote wa kijiji. Ng'ombe wakiibwa unapigwa mwano, yowe la kuitana, na kila mwanamume anashika fimbo anafuata kwato. Kwato zikiingia kijijini kwenu, wenye ng'ombe hawawaulizi nani kaiba. Wanauliza neno moja tu: zimetokea wapi? Mkiwaonyesha zilikotokea kuendelea mbele, mnaungana nao, mnafuata pamoja. Mkishindwa kuonyesha, basi ng'ombe wako kwenu, hata kama zizi lenu halina mbuzi. Mtalipa. Mwigulu alilelewa na sheria hiyo. Ujanani aliikimbilia maporini mpaka nyayo zake mwenyewe zikapasuka. Siku zote alikuwa upande wa wanaouliza.

Mwigulu hakuwa mwizi. Hata waliomhukumu walisema hivyo, tena walisema wakiwa wanamhukumu.

Aliacha shule darasa la tano akashuka duarani, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Alichimba mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi. Daktari wa Geita akamwambia achague kati ya vumbi na kumlea binti yake Limi. Akauza sehemu yake ya duara, akanunua ng'ombe, na kilichobaki akakisimamisha juu ya nyumba yake: mnara wa chuma, sola, betri na kisanduku cheusi chenye taa za kijani. Mwilima iko bondeni. Kabla ya mnara ule, mtu alikuwa anapanda kichuguu cha nyuma ya karasha, mashine ya kusaga mawe, ili aweze kuongea na mkwewe. Mwigulu akaanza kuuza vocha za intaneti dukani kwake. Watu wakaacha kupanda kichuguu.

Mnara ulifungwa na Donatus, fundi wa Kahama, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Ndiye aliyemweleza Mwigulu kisanduku kile kinafanya nini.

"Mtandao haujui majina, kaka. Unajua namba. Sasa hiki ni kama mjumbe wa nyumba kumi. Mtu akisema nataka kwenda kwa fulani, mjumbe anamwelekeza nyumba. Asipoijua, anaulizia mbele, anajibiwa, anakumbuka. Akija mwingine kuuliza palepale, haulizii tena."

"Na mshahara hadai," Mwigulu akasema.

"Anakula umeme tu."

Kulikuwa na kero moja. Kila mtu alipofungua simu ili aingize vocha, ilitokea kwanza karatasi nyekundu ya onyo kwenye kioo: ukurasa huu si salama, rudi ulikotoka. Donatus alisema ni kwa sababu ukurasa wa vocha hauna cheti, na cheti kina gharama na usumbufu wake. Mwigulu akaona hiyo si shida. Akawafundisha wateja, mmoja mmoja, wazee kwa vijana: usiogope hiyo nyekundu, bonyeza "endelea". Ikawa wimbo wa Mwilima. Mtu akisita kuvuka tope, mwenzake anamtania, "Bonyeza endelea!" Watoto walisema hivyo wakirukia mtoni.

Mwaka wa pili, Donatus akapiga simu.

"Kaka Mwigulu, mjumbe wako ana ufa."

"Ufa wa wapi? Juzi nimempangusa vumbi."

"Kwenye programu yake. Si wewe tu, ni dunia nzima, waliokitengeneza wametangaza wenyewe. Sikiliza. Mjumbe akiulizia mbele, mtu mwingine yeyote, popote alipo, anaweza kuwahi kumjibu akijifanya ndiye aliyeulizwa. Na mjumbe wako anaamini. Akishaamini, anawapeleka watu wote huko."

"Kwa hiyo mjumbe wangu ni mjinga."

"Si mjinga. Ni mwepesi wa kuamini."

"Kama Mama Limi. Ndiyo maana akanikubali mimi."

"Kaka, sicheki. Dawa ipo, ni bure. Nije nikizime, niweke programu mpya. Ila kisanduku chako ni cha zamani, kinaweza kusahau mipangilio yote, nikaanza upya. Labda siku nzima mtakuwa gizani."

Mwigulu akatazama dukani. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mpaka nje, wengine juu ya magunia ya mpunga, kila mmoja ameinamia simu yake.

Hapo ndipo mchimbaji aliyekuwa ndani yake alipojibu. Wachimbaji wana mwiko: duara likiwa linatoa, haliguswi. Hufagii mdomoni pake. Hubadilishi ngazi. Shati ulilovaa siku mawe yalipoanza kung'aa, halifuliwi mpaka mawe yazime. Kamba uliyoshukia jana ndiyo unayoshukia leo.

"Donatus, duara likitoa haliguswi."

"Na kamba ikichakaa je?"

"Kamba haichakai duara likiwa linatoa."

Donatus akasema, "Haya. Mimi nimesema." Akapiga tena mara moja, baada ya mavuno, akajibiwa vilevile. Hakupiga tena.

Akina mama wa Mwilima walikuwa thelathini na mmoja, na kikundi chao kilikuwa na leseni ya uchimbaji mdogo. Waliipata kwa shida, wakati wanaume walikuwa wanawaita wapiga zogo wa kisimani. Mwenyekiti alikuwa Bhoke, Mkurya wa Tarime mwenye sauti ya tarumbeta. Katibu alikuwa Sesilia, aliyemaliza kidato cha nne. Mariana, mke wa Mwigulu, alikuwa mwanachama wa tangu mwanzo. Kabla hawajajenga nyumba ya bati, yeye alikuwa anaponda mawe kwa nyundo na Limi mgongoni.

Leseni ilikaribia kwisha muda. Siku hizi leseni hazihuishwi kwa kupanga foleni Geita. Unaingia kwenye ukurasa wa serikali, unajaza, unapewa namba ya malipo, unalipa. Sesilia akaja dukani mchana kweupe, Bhoke na Mariana nyuma yake, wakakaa kwenye benchi la mbele. Mwigulu alikuwa ndani anakula ugali na sato.

"Baba Limi!" Sesilia akaita. "Inaleta ile nyekundu."

"Nyekundu gani?"

"Ile ya siku zote. Ila nimeshaweka vocha. Sasa hivi niko kwenye ukurasa wa leseni."

"Si salama, inasema rudi," Mariana akaongeza. "Njoo uangalie basi."

Mwigulu alikuwa na kichwa cha samaki mkononi, na kichwa cha sato hakiachwi kikapoa. Hakusimama.

"Bonyeza endelea, mayu!" akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Wote watatu wakacheka. Sesilia akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, una nembo, una rangi zote, una picha ya mtu amevaa kofia ngumu. Akajaza namba ya leseni, majina ya wanachama, mipaka ya kiwanja, tarehe ya mwisho. Ikaja namba ya malipo. Wakalipa. Ikaja risiti yenye muhuri. Bhoke akapiga kigelegele kilichowaamsha kuku, akanunua soda za watu wote waliokuwepo, na Mwigulu akanywa ya kwake.

Mvua zikaja zikaondoka. Leseni ya zamani ikafikia mwisho wake, na wao wakaendelea kuchimba wakijua mpya ipo. Kisha asubuhi moja ikaingia Prado nyeupe, ikashusha vijana wenye vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu, wakaanza kuvipigilia kwenye kona za kiwanja. Bhoke akawashukia kwa matusi ya Kikurya ambayo hakuna aliyeyaelewa na kila mtu aliyaelewa. Bwana wa Prado hakugombana. Alikuwa na adabu sana. Akatoa karatasi.

"Mama, kiwanja kilikuwa wazi. Leseni ilikwisha, hakuna aliyeomba. Mimi nimeomba, nimepewa. Kama mna risiti, ipelekeni ofisini."

Wakaipeleka Geita. Ofisa akaitazama risiti, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba, akawaambia haikutoka kwao. Hapakuwa na ombi. Malipo hayakufika serikalini. Akawauliza walijazia wapi. Sesilia akasema, kwenye mtandao wa kijijini. Ofisa akashusha pumzi. Akawaandikia rufaa, akawaeleza bila kuwaficha: rufaa itasikilizwa, lakini mwenye leseni ni yule, na mpaka hapo mwanamke atakayeshuka kwenye duara lile atakuwa mvamizi.

Sesilia hakurudi kulia. Alirudi kupanda kichuguu. Akasimama juu na simu mbili, yake na ya Bhoke. Moja ikatumia bando la kampuni ya simu, nyingine akaiunganisha na mnara wa Mwigulu, ambao ulifika mpaka pale. Akaandika jina lilelile la ukurasa, herufi kwa herufi, kwenye simu zote mbili. Zikafunguka kurasa mbili. Zilifanana kama mapacha, lakini moja ilikuja na onyo jekundu na nyingine ikafunguka kimya. Akashuka, akawapa watu wengine wapande wajaribu kwa simu zao. Kila aliyejaribu aliona vilevile. Njia ya bando ilifika serikalini. Njia ya Mwigulu ilifika kwingine.

Mwano ukapigwa. Si wa ng'ombe, lakini ulipigwa kama wa ng'ombe.

Walikutana kwenye uwanja wa karasha, mashine zikazimwa ili watu wasikilizane. Mkuu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, Ntemi Amosi, alikaa kwenye kiti cha plastiki na mkia wa nyumbu mkononi. Kwenye baraza la nyayo, wenye ng'ombe wanakaa mashariki, na ambaye nyayo zimeishia kwake anakaa magharibi pamoja na watu wa nyumba yake. Mwigulu akakaa upande wake. Limi, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni Ushirombo, akaja akakaa karibu yake. Mariana alisimama katikati, ameshika mtandio wake kwa mikono miwili. Yeye alikuwa mtu wa nyumba ile. Yeye pia alikuwa mwenye ng'ombe.

"Mama Limi," Ntemi akasema taratibu, "kaa popote utakapokaa, lakini kaa."

Akaenda akakaa mashariki, kati ya Sesilia na Bhoke. Hakumtazama mumewe. Mwigulu alitazama mikono yake mwenyewe, mikono mikubwa ya mchimbaji, akaona haina kazi.

Mtendaji wa kijiji akasimama kusema kwamba serikali haiitambui sheria ya nyayo kwa mambo ya mtandao, na kwamba hataki kuona mtu akiguswa. Kisha akaketi mashariki, maana mama yake mzazi alikuwa mmoja wa wale thelathini na mmoja.

"Mwigulu," Ntemi akasema. "Shauri lako."

"Shikamoo, Ntemi."

"Marahaba. Nyayo zimeingia kwako?"

"Zimeingia."

"Zimetokea wapi?"

Mwigulu akamtazama Donatus, aliyekuja na pikipiki kutoka Kahama na aliyekuwa ameshinda ndani ya duka na kompyuta yake, kisanduku kikiwa kimefunguliwa kama kuku wa sikukuu. Donatus akasogea mbele.

"Wazee, shikamooni. Kisanduku kimedanganywa. Kiliulizia ukurasa wa leseni, kabla hakijajibiwa na mwenyewe, mtu akawahi kujibu. Kikaamini, kikawapeleka akina mama huko. Ni ufa wa programu. Mwigulu hakuiba."

"Hilo tunalijua," Ntemi akasema. "Angekuwa ameiba angenunua Prado." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kukohoa. "Huyo aliyewahi kujibu, ametokea wapi?"

"Jibu lake lilikuja na jina la aliyeulizwa. Alijifanya yeye. Ndiyo maana likaaminika."

"Mwizi aliyevaa viatu vya jirani. Sawa. Chini ya hivyo viatu, nyayo zake ni zipi?"

"Hazipo, mzee."

"Zilifutika?"

"Hazikuwahi kuwepo. Kisanduku hiki hakiandiki kilichopita. Kinakumbuka jibu tu, hakikumbuki kimejibiwa na mkono upi."

"Na ule ukurasa wa uongo? Nyumba waliyopelekwa hawa?"

"Nimeufuata. Umepangishwa kwenye mashine za nje ya nchi. Waliopangisha wanasema mpangaji alitoa jina ambalo si la mtu. Polisi Geita nimewapa kila nilichonacho, wakaniandika maelezo. Wamesema nisubiri."

Bhoke akasimama. "Na yule wa Prado? Si anajulikana? Si ana sura?"

"Anasema alikuta kiwanja kipo wazi," Donatus akajibu. "Labda ni kweli. Labda aliambiwa na aliyeiba maelezo yenu. Mimi siwezi kumuunganisha, mama. Hakuna anayeweza."

"Huo ufa," Sesilia akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko zote, "ulijulikana lini?"

Donatus, mtu wa maneno mengi, akafunga kompyuta yake. Mwigulu akaona afadhali ajibu mwenyewe.

"Ulijulikana zamani. Aliniambia. Nikakataa."

"Kwa nini, Baba Limi?"

"Duara lilikuwa linatoa."

Hakuna aliyemzomea. Huo ndio ulikuwa ubaya wake. Kila mwanamume pale alishawahi kushukia kamba iliyochakaa kwa sababu hiyohiyo, na kila mwanamke pale alishaliona shati lisilofuliwa. Ntemi mwenyewe aliinamisha kichwa. Wangekuwa hawamwelewi, angeweza kugombana nao.

"Na ile nyekundu ilitokea," Mariana akasema ghafla, akiwa bado amekaa, anaiambia ardhi. "Tulimwita. Tulimwambia inasema turudi."

Mwigulu alitaka kusema kitu. Alitaka kusema kwamba alikuwa anakula. Akaona maneno hayo yalivyo, akayaacha mdomoni.

Ntemi akampa nafasi, kama desturi inavyotaka. Mtu ambaye nyayo zimeishia kwake anaruhusiwa kuzitafuta mpaka soko linalofuata. Mwigulu alikwenda Geita polisi, kijana wa dawati akamwambia kwa upole kwamba faili limepelekwa mbele. Akauliza mbele wapi. Kijana akaonyesha juu kwa kalamu. Akapita kwenye hoteli ya Kalangalala ambako bwana wa Prado alikuwa amefikia, akamkuta ameshaondoka. Akapiga namba ya kampuni ya nje iliyokuwa kwenye karatasi ya Donatus. Sauti ya mwanamke ikazungumza lugha ambayo Mwigulu hakuisoma, ikazungumza vizuri, taratibu, na haikusimama kumsikiliza. Akaishikilia simu sikioni mpaka ikakata yenyewe. Mwanamume aliyewahi kufuata kwato usiku na mchana akasimama stendi hajui ageukie wapi. Ardhi ilikuwa kavu, safi, haina alama.

Aliporudi, Donatus alikuwa ameshaweka programu mpya. Kisanduku hakikusahau mpangilio hata mmoja. Mwigulu alimuuliza kazi ilichukua muda gani.

"Niache, kaka."

"Niambie."

"Chai ilikuwa haijapoa."

Siku ya soko wakakaa tena, mashariki na magharibi. Ntemi akauliza kwa mara ya mwisho zimetokea wapi. Mwigulu akasema sijui. Ntemi akatamka kwa kichwa kilichoinama kwamba atalipa kwa ng'ombe wake, na Mwigulu akakubali mbele za watu. Hapakuwa na fimbo wala makelele. Rufaa ya akina mama bado iko Geita, na Sesilia huenda kuiulizia.

Gharama yake ni hii. Kiwanja kimoja. Maduara saba, manne yakiwa yanatoa. Wanawake thelathini na mmoja bila kazi. Tisa kati yao sasa wanaponda mawe ya watu wengine kwa kibarua, na Bhoke amerudi Tarime. Mnara mmoja, umeshushwa, umelala ubavu nyuma ya duka, na kuku wanautagia. Watu wamerudi kupanda kichuguu. Nafasi moja ya bweni Ushirombo, ya Limi, ambaye likizo ilipokwisha hakurudi shule kwa kukosa ada. Ng'ombe kumi na watano, wakubwa wote wa zizi la Mwigulu, akabaki ndama mmoja.

Ng'ombe waligawanywa mmoja kwa wanawake wawili. Wanawake walichaguana wenyewe, wawili wawili, wakawaswaga nyumbani. Akabaki mmoja asiye na mwenzake, na huyo alikuwa Mariana. Wakampa yule ndama. Akamfunga kamba shingoni, akamrudisha kwenye zizi lilelile alilotoka, akafunga mlango.